Mkono uliopooza hupona kwa kazi, si kwa kupumzishwa

MTU akipatwa na kiharusi na kupooza upande mmoja, jamaa zake humfanyia kila kitu. Humlisha, humvisha na kumnyanyua kitandani. Huo ni upendo, lakini ukizidi unaweza kumnyima mgonjwa nafasi ya kupata nafuu.

Kwanza, elewa tatizo liko wapi. Kiharusi hutokea damu inapokosa kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na donge la damu au umepasuka. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na ule wa kulia huongoza wa kushoto. Kwa hivyo, mkono uliolegea wenyewe hauna ugonjwa. Kilichoharibika ni kile kinachoutuma.

Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Hata hivyo, sehemu zilizosalia huweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa, mradi mgonjwa arudie kitendo kimoja mara nyingi, siku baada ya siku. Hiyo ndiyo shabaha ya tiba ya viungo, ambayo wengi hudhani ni kukandwa tu. Kukandwa hulegeza misuli, lakini hakuufunzi ubongo.

Mkono uliosahauliwa

Mwanasaikolojia Edward Taub wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, alieleza jambo ambalo huenda umeliona nyumbani. Mgonjwa hujaribu kutumia mkono dhaifu, hushindwa, kisha huchukua kitu kwa mkono mzima. Baada ya muda huuacha kabisa ule dhaifu, hata pale nguvu zinapokuwa zimeanza kurudi.

Tiba aliyobuni ni kuuvisha mkono mzima glavu nzito, ili mgonjwa alazimike kufanya kazi kwa ule mwingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006, wagonjwa 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa awali walihusishwa. Waliopewa tiba hiyo kwa majuma mawili walitumia mikono yao vizuri zaidi kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka mmoja.

Tiba hii haimfai kila mtu. Ni lazima mgonjwa aweze kuinua kiganja na kunyoosha vidole angalau kidogo. Usimfunge mgonjwa mkono bila ushauri wa mtaalamu, hasa akiwa anapepesuka, kwani huenda akaanguka na kukosa cha kujishikia.

Unachoweza kufanya nyumbani

Nafuu kubwa hupatikana katika miezi mitatu ya kwanza, ingawa haikomi hapo. Mazoezi yaanze mara daktari aseme hali imetulia. Kwa kuwa nauli na ada za kila wiki huwalemea wengi, mwombe mtaalamu amfunze mtu mmoja wa nyumbani mazoezi yanayomfaa mgonjwa wenu.

Mengi hayahitaji mashine. Mgonjwa aweza kusukuma kitambaa juu ya meza, kushika kikombe kisicho na kitu, kuchambua maharagwe, kufunga vifungo vya shati au kufinyanga tonge la ugali. Kwa miguu, ainuke kutoka kwenye kiti imara na kuketi tena, huku mtu akiwa karibu. Vipindi vifupi mara kadhaa kwa siku ni bora kuliko kimoja kirefu kinachomchosha.

Usimvute kamwe kwa mkono uliopooza unapomwinua. Misuli ya bega imelegea, na kiungo huweza kuteguka na kumletea maumivu ya muda mrefu. Akiketi, mkono huo utegemezwe kwa mto.

Kumbuka pia dawa za shinikizo la damu. Mgonjwa akiziacha kwa kuwa anajihisi vyema, kiharusi cha pili chaweza kufuta kazi ya miezi mingi.

Basi mgonjwa wako akichukua dakika kumi kufunga vifungo vitatu, usimpokonye shati. Msubiri. Dakika hizo kumi ni sehemu ya matibabu yake.