Kuishi kwa Kalamu Ukiwa Rongo: Anza na Kazi Unayoweza Kuionyesha

Anayetaka kuandika kwa malipo akiwa kwake Rongo halazimiki tena kuhamia Nairobi. Mji uko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, una chuo kikuu kilichopata hati mwaka 2016, na malipo ya mteja aliye mbali huingia kwenye simu kwa M-Pesa. Kinachowakwamisha vijana wengi ni aina ya kazi wanayoanza nayo. Biashara ya uandishi hukua pale mwandishi anapoweza kumwekea mteja mpya mezani kazi aliyomfanyia mteja wa jana. Kazi isiyoonyeshwa hulipa mara moja, ikaishia hapo.

Ndiyo maana naanza na onyo. Kwa miaka mingi wahitimu wengi wa Kenya waliingia katika uandishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu, baadhi yao kupitia akaunti za kukodi kwenye tovuti za uandishi. Huo ni udanganyifu, na wakati wake unapita. Australia ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria mwaka 2020, Uingereza ikafuata mwaka 2022. Mwishoni mwa mwaka huohuo programu ya ChatGPT ikatolewa, na insha za kawaida zikashuka thamani. Walioumia zaidi ni walioandika usiku na mchana bila kubaki na ukurasa hata mmoja wenye jina lao. Hata akaunti haikuwa yao.

Anza basi na wateja walio karibu. Sacco ya wakulima wa miwa huhitaji ripoti ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Shule ya upili huhitaji mpango mkakati. Kikundi cha akina mama kule Ndhiwa au Oyugis huhitaji ombi la ufadhili linaloeleweka. Shirika la afya huhitaji ujumbe wake kwa Kidholuo ambacho mama sokoni atakielewa.

Chukua mfano wa kazi nyingine ya karibu, wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Familia huja saiba na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, watoto, ugonjwa. Karani huichapa ilivyo, kijitabu kikatoka. Mwandishi angeketi na dada wa marehemu nusu saa, aulize marehemu alimlipia nani karo, kule chamani alitegemewa kwa lipi, shamba lake lilikuwa wapi. Angehakiki majina ya wajukuu herufi kwa herufi, kwa kuwa jina likikosewa, kosa hilo litasomwa mbele ya umati. Kisha angeandika kurasa mbili ambazo majirani wakizisikia watamtambua mtu wao. Kuhoji, kuhakiki na kupanga habari ndizo stadi zilezile ambazo gazeti na shirika kubwa hulipia, na hakuna mashine inayojua alichosema dada huyo.

Kabla ya kuandika, wewe na mteja wekeni makubaliano kwenye karatasi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Waandishi wengi hudhani kinyume chake. Ukurasa mmoja unatosha: kazi ni ipi, ina urefu gani, itakamilika lini, itarekebishwa mara ngapi, malipo ni kiasi gani. Ongeza sentensi mbili: kwamba hakimiliki itahamia kwa mteja atakapomaliza kulipa, na kwamba mwandishi anaruhusiwa kuionyesha kazi hiyo kama sampuli. Familia au shirika likitaka usiri, heshimu, lakini ujue umeuza na sampuli pia, hivyo bei ipande.

Bei yenyewe ipimwe kwa saa. Tuseme makala ya maneno 800 itakuchukua saa mbili za kusoma na kupiga simu, tatu za kuandika na moja ya kurekebisha. Ukitaka shilingi 400 kwa saa, makala hiyo ni shilingi 2,400, kabla ya bando na nauli ya bodaboda. Hesabu pia makato. Jukwaa la kazi za mtandaoni la Fiverr hubaki na asilimia 20 ya malipo ya muuzaji. Kampuni inayokulipa ada ya kitaalamu ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi hukata asilimia 5 na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, KRA. Dai cheti cha makato hayo, kwa sababu utakihitaji unapowasilisha ritani ya kodi, ambayo mwisho wake ni Juni 30. Kwa mteja mgeni, omba nusu ya malipo kabla hujaanza.

Vifaa si vingi: laptopu yenye betri nzuri, kwa kuwa stima hupotea, simu yenye bando, na nakala ya kila kazi iliyohifadhiwa mtandaoni. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, hutoa mafunzo ya kazi za mtandaoni bila malipo. Walio nyumbani nao waambiwe saa zako za kazi, la sivyo utatumwa posho mill kila mara.

Usitegemee kalamu pekee mwanzoni. Miwa mipya huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kukomaa, na mkulima mwangalifu hupanda maharagwe katikati ya mistari ili nyumba ipate chakula wakati miwa inakua. Nawe shikilia kazi nyingine hadi wateja wawili au watatu waanze kurudi wenyewe.

Wiki hii, chagua taasisi moja mjini Rongo au Awendo ambayo brosha yake au ripoti yake haieleweki. Andika upya ukurasa mmoja, uupeleke kwa katibu pamoja na ule wa zamani, na umtajie bei ya kuandika kurasa zilizobaki. Akikataa, bado una sampuli ya kwanza yenye jina lako, na taasisi ya pili itakuwa na cha kusoma.