Sanduku la Umeme au Betri ya Ukutani?

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wa Unguja hawajasahau mwezi wa Mei 2008, ulipokatika umeme utokao bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Wala hawajasahau Desemba 2009, ulipokatika tena usirudi mpaka Machi 2010. Kweli, mwaka 2013 ulilazwa waya mpya wa megawati 100, na hali ikawa nafuu kuliko ilivyokuwa. Lakini hata leo taa zikizimika wakati wa daku, kila mwenye nyumba hujiuliza: Je, tuweke akiba gani?

Zamani jibu lilikuwa jenereta. Lakini jenereta lina kelele, lataka petroli kila siku, na moshi wake una sumu isiyoonekana wala kunusika, iwezayo kuwaua watu waliolala chumbani. Siku hizi yamekuja mambo mawili mengine. La kwanza ni sanduku la umeme la kubebeka, ambalo ndani yake mna betri, inveta na matundu ya plagi. La pili ni betri kubwa ya nyumba, ifungwayo ukutani na kuunganishwa na nyaya za nyumba nzima. Wengi wanatuuliza lipi bora. Sisi twaona kuwa swali hilo halina jibu moja, na hapa twaeleza kwa nini.

Hivi karibuni tulialikwa katika nyumba moja ya Mji Mkongwe ili tuwapatanishe ndugu wawili waliohitilafiana juu ya jambo hili. Mama yao ni mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, naye hujidunga sindano ya insulini kila siku. Mwanawe mkubwa yuko Maskati kwa kazi. Mdogo ndiye akaaye naye. Mkubwa alisema nasi kwa simu, akasema: "Mama yetu hatumwekei kitu cha kubebabeba kama mkoba wa safari. Mfungieni betri kubwa ukutani, fedha nitatoa mimi." Mdogo akajibu kwa adabu: "Shikamoo, kaka. Uliyosema ni ya heri, lakini nyumba hii si yetu, ni ya wakfu. Tukitoboa kuta na kubadili nyaya bila ruhusa tutaulizwa. Na siku tukihama, betri itabaki ukutani." Mama akasema: "Wanangu, msigombane kwa ajili yangu. Mimi nataka dawa yangu isiharibike, basi."

Neno la mama ndilo lililotufungulia mlango. Mtu asianze kwa kuuliza betri gani anunue, bali aulize ni kitu gani ndani ya nyumba yake kisichostahimili giza, na kwa muda gani.

Basi tulitwaa kalamu na karatasi. Uwezo wa betri wa kuweka akiba hupimwa kwa wati-saa, nao hupatikana kwa kuzidisha wati za kifaa kwa saa ambazo kitatumika. Taa nne za wati 8, zikiwaka saa 5, zataka wati-saa 160. Feni ya wati 50 kwa saa 8 yataka 400. Simu nne zataka kama 60. Jumla ni 620. Inveta nayo hula sehemu yake, na ni busara kukisia kuwa asilimia 15 itapotea njiani. Kwa hiyo betri iwe na wati-saa 730 hivi. Sanduku la wati-saa 1000 lingewatosha kwa usiku mmoja, na baki ikawapo.

Lakini jokofu hugeuza hesabu yote. Jokofu dogo la nyumbani laweza kula kama wati-saa 1000 kwa siku moja. Ukijumlisha na yale ya kwanza ni 1620, na pamoja na upotevu ni kama 1900. Sanduku lile la 1000 litakwisha baada ya nusu siku na kidogo. Betri ya nyumba ya wati-saa 5000 itachukua siku mbili na nusu. Tena mota ya jokofu, kila inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida yake kwa nukta moja au mbili. Kwa hiyo mnunuzi hana budi kutazama mambo mawili mbalimbali: wati-saa, ambazo ni ukubwa wa mtungi, na wati, ambazo ni upana wa mdomo wake. Mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba hautaendesha jokofu.

Hapo mkubwa akasema: "Si mwaona? Betri ya ukutani ndiyo yenye nguvu." Tukamwambia: kweli, ina nguvu zaidi, nayo ina sifa nyingine, maana umeme ukikatika huweza kushika kazi yenyewe papo hapo, wala mama hana haja ya kutafuta waya gizani. Lakini giza la 2008 halikuwa la siku mbili na nusu. Betri haizai umeme. Yaweka tu uliotiwa. Katika giza refu, ndogo itakwisha leo na kubwa itakwisha keshokutwa, kama hakuna cha kuijaza. Kwa hiyo fedha yote isimalizwe kwa betri, jua likasahauliwa. Paneli za wati 400, zikipata kiasi cha saa 5 za jua kali kwa siku, baada ya upotevu huingiza kama wati-saa 1500. Hicho ni karibu na mahitaji yote ya nyumba ile, jokofu ndani yake.

Kisha tukarudi kwenye dawa. Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa baina ya nyuzi 2 na 8 za joto, wala isigande. Chupa iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, yaweza kukaa nje ya jokofu kama siku 28 ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Lakini katika kaskazi joto la mwambao wetu hupita hapo, kwa hiyo mwenye dawa na amuulize mfamasia juu ya aina yake. Jokofu lililofungwa na lisifunguliwefunguliwe huhifadhi baridi yake kwa muda wa saa 4 hivi. Basi hapana haja ya kuliendesha usiku kucha. Liwashwe kwa zamu na mlango usiguswe. Na mtungi wa udongo, ambao bibi zetu walipozea maji, hupunguza joto la dawa iliyofungwa isiingiwe na maji. Hautoshi kuwa badala ya jokofu kwa akiba ya miezi, lakini siku ya dhiki si wa kudharauliwa.

Baada ya hayo ndugu wale walikubaliana kununua sanduku la wati-saa 2000 pamoja na paneli za wati 400 za kukunjwa, ambazo mjukuu atazianika juani kila asubuhi. Hawatatoboa ukuta, na wakihama watahama nalo. Mkubwa alitaka kulileta mwenyewe kwa ndege, tukamzuia. Betri za lithiamu zinazozidi wati-saa 160 abiria haruhusiwi kuzichukua ndani ya ndege, na sanduku hili limezidi zaidi ya mara kumi. Bora linunuliwe mjini, kwenye duka litoalo dhamana ya maandishi. Mdogo naye alikuwa ameonyeshwa mkopo ambao deni lake huongezeka kila malipo yakichelewa. Tukamsihi auache, maana kuondoa giza la taa kwa kuingia giza la riba si faida.

Lakini lau nyumba ingekuwa yao, nayo ina watu kumi na pampu ya maji, tungaliwashauri betri ya ukutani bila kusita. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni, tena afunge swichi ya kutenga nyumba na umeme wa mtaani. Wako watu wachomekao waya wenye plagi pande zote mbili ili kuingiza umeme wa akiba katika soketi ya ukutani. Hili ni jambo la hatari kubwa. Umeme huo hutoka nje mpaka kwenye nguzo, na fundi aliyepanda akijua kuwa waya umekufa huweza kupoteza roho yake, na watoto wake wakawa mayatima kwa ajili ya feni yetu.

La mwisho ni aina ya betri. Ile ya lithiamu yenye chuma na fosfati aghalabu hustahimili kujazwa na kutumiwa mara 3000 au zaidi, ambayo ni miaka minane kwa mwenye kuitumia kila siku. Betri za risasi ni rahisi kwa bei, lakini zikimalizwa sana kila mara huchakaa baada ya mara mia chache. Zote huchukia joto. Ziwekwe kivulini penye hewa, mbali na jiko.

Mama yule alipoelezwa yote alituuliza jambo moja: "Jirani yangu naye ana sindano. Jokofu langu likiwa na baridi, dawa yake itaingia?" Tulimwambia: itaingia, mama. Akasema: "Basi nunueni."