Geti la Meru na mlango wa Lamu: urembo wa nyumba mpya ni kazi ya nani?

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mombasa kwenda Meru kwa harusi ya mpwa wangu. Ukishapita Embu, barabara inapanda na kushuka mabonde ya Mlima Kenya kupitia Chuka, na katika kila mji magorofa mapya yanainuka. Yote ni kama mapacha: ukuta wa rangi moja, madirisha ya vioo, geti jeusi. Ukiamka usingizini garini huwezi kujua uko Embu, Meru au Mtwapa.

Mjini Meru nilisimama kwenye banda la fundi wa kuchomelea vyuma. Mbele yake palikuwa na mageti mawili. Moja lilijaa maua, nyota na vyuma vilivyopindwa kama mawimbi. La pili lilikuwa bapa. La kwanza liliagizwa na mtu mmoja kwa nyumba yake ya shambani. La pili ni la ghorofa ya wapangaji wengi. Nikamuuliza kwa nini wengi wapate geti kavu na mmoja apate maua.

"Mzee, mimi nafuata mchoro," akanijibu. "Kwenye mchoro hakuna ua."

Jibu lake ndilo somo lenyewe. Sanaa ya hadharani ni ile inayoonwa na kila apitaye bila kulipa kiingilio: nakshi, mchoro ukutani, chemchemi, hata kiti cha kupumzikia kilichofinyangwa vizuri. Isipoandikwa kwenye ramani na makadirio ya gharama tangu mwanzo, haitakuwepo. Jengo likishakamilika pesa zimekwisha, na kinachoongezwa baadaye ni bango la biashara.

Sisi wa pwani jambo hili tulilijua zamani. Mlango wa nakshi wa Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa haukuwa pambo la ziada. Wazee husimulia kwamba Unguja fremu ya mlango ilisimamishwa kwanza, kuta zikafuata. Mwenye nyumba alilipa, lakini aliyefaidi uso wa mlango ule ni mpita njia. Baraza nayo ni hivyo hivyo: imejengwa na mmoja, wanakaa wengi.

Nchi nyingine zimeligeuza wazo hilo kuwa kanuni. Ufaransa tangu 1951 hutenga asilimia 1 ya gharama ya baadhi ya majengo ya umma kwa kazi ya msanii. Ilianza na shule. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulifuata mwaka 1959 kwa miradi ya ujenzi kwenye ardhi ya mamlaka yake ya uendelezaji.

Tufanye hesabu ya mfano. Mradi wa nyumba 200 unagharimu shilingi milioni 500. Nusu ya asilimia 1 ni shilingi milioni 2.5, yaani shilingi 12,500 kwa kila nyumba. Kwa pesa hizo mafundi kadhaa wa Embu au Meru wangepata kazi, na watoto wangekuwa na mahali pa kusema, "Kwetu ni pale penye geti la ngoma."

Nasema ngoma kwa sababu upande ule hawana uhaba wa mambo ya kuchonga. Wapiga ngoma wa Chuka wanajulikana nchi nzima. Nchiru kuna jengo la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru. Mjini Meru kuna jumba la makumbusho tangu 1974.

Wapo watakaoniuliza: je, unataka sanamu kwenye mitaa ya Waislamu? La. Meru na Embu nako kuna Waislamu, na jibu wanalo mafundi wetu wa pwani: maua, minyororo na maumbo ya hesabu, pasipo sura ya kiumbe. Sanaa ya mtaa ichaguliwe na wanaoishi mtaani.

Wengine watasema tuanze na maji na mabomba. Sawa kabisa, nyumba inayovuja haifichwi na rangi. Lakini mlango lazima uwekwe, geti lazima litengenezwe, ukuta lazima upakwe. Pesa zinatumika kwa vyovyote. Tunachobishania ni kama zitatumika kwa akili.

Hili linatuhusu sote. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Serikali imesema milango na madirisha yatoke kwa mafundi wa jua kali. Basi kazi tayari imewafikia wenye mikono. Kinachokosekana ni mchoro. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za utamaduni pamoja na mipango ya nyumba. Ofisi hizo mbili ziko chini ya gavana mmoja, zinaweza kuzungumza.

Ukiitwa kutoa maoni kuhusu mradi wa nyumba, uwe Embu, Meru, Kilifi au Mombasa, usiishie kuuliza idadi ya vyumba. Omba kuona makadirio, kisha uliza: uso wa jengo hili umetengewa shilingi ngapi, na fundi gani wa hapa ataufanya? Ukiuliza kabla ya msingi kuchimbwa, fundi wangu wa Meru atakuwa na ua la kufuata.