Chombo Kimoja kwa Uvuvi wa Kila Siku na kwa Dago

Maleleji yanapoingia, bahari ikapumzika baina ya kusi na kaskazi, vijana wa pwani yetu ya Tanga huanza kuulizana habari za dago. Msomaji wa bara asiyelijua neno hili afahamu kwamba dago ni kambi ya wavuvi. Watu huondoka kwao na chombo, maji, unga na nyavu, wakakaa kisiwani au katika ufuo wa mbali siku kadhaa, pengine wiki nzima, ndipo warudi. Pamoja na habari hizo huja swali ambalo kamati za misikiti ya pwani hulipokea kutoka kwa familia zinazoomba kusaidiwa: tununue chombo gani? Fedha zinatosha chombo kimoja tu. Siku za kawaida kiende mwambani alfajiri na kurudi adhuhuri, na msimu ukifika kiwachukue watu watatu au wanne hadi dago na kuwarudisha wazima.

Swali hili limeletwa katika kurasa za familia kwa sababu mvuvi si mtu wa peke yake. Yupo mama aliyeuza mbuzi zake kuchangia mti, na yupo mke atakayekaa ufuoni jioni ya siku ya tano akihesabu matanga. Tena ni swali la kifiqhi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wameeleza kwamba fakiri mwenye kazi yake hupewa katika zaka kiasi cha kumpatia zana za kazi hiyo, na zana ya kwanza ya mvuvi ni chombo. Wanazuoni hao hao wameitazama habari iliyomo katika Sura al-Kahf, ya masikini waliokuwa wakifanya kazi baharini, wakatoa hoja kwamba mtu aweza kumiliki chombo na bado akawa masikini. Basi yule kijana mwenye mtumbwi uliooza asiambiwe kwamba yeye tayari ana mali. Na anayekabidhiwa fedha za kumnunulia kingine ana wajibu wa kujua anachokinunua.

Tuanze na mtumbwi, maana ndio ulio rahisi kupatikana. Ni gogo moja lililochongwa, huendeshwa kwa kafi au kwa pondo, na watu wawili hulibeba hadi juu ya ufuo bila kuomba msaada. Ndani ya mwamba, katika mikoko na maji ya magotini, hauna mpinzani. Nje ya mwamba habari hubadilika: ni mwembamba, hauna cha kuushika pembeni, na wimbi la ubavuni huupindua hata nahodha awe hodari namna gani. Kwa kazi ya asubuhi unatosha kabisa. Kwa dago sikubaliani nao.

Upande wa pili kuna dau na mashua, vyombo vya mbao vyenye mataruma na mkuku, na siku hizi boti za faiba zenye mashine. Hivi hubeba mzigo mkubwa na kustahimili bahari. Lakini mashua hutaka mabaharia wengi, na kila baharia ana fungu lake. Katika desturi yetu ya kugawana mapato chombo nacho kina fungu, nyavu zina fungu, na chombo kikiwa kikubwa familia hujikuta inavulia matengenezo. Mashine nayo hula petroli hata siku ambayo samaki hawakula chambo. Nimewaona vijana waliokopeshwa mashine na mchuuzi kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake kwa bei aipangayo yeye. Miaka ikapita, mashine ikafa, deni likabaki.

Katikati ya hivyo viwili ipo ngalawa. Nayo mwili wake ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lakini ubavuni ina matengo mawili, yaani zile mbao zinazogusa maji kulia na kushoto, zilizofungwa kwenye miti miwili inayokingama juu ya mwili. Ina mlingoti, foromali na tanga la pembe tatu. Kwa kuwa matengo huishika isipinduke, mwili wake waweza kuwa mwembamba ukakata maji upesi, na tanga laweza kuwa kubwa kuliko ambavyo gogo tupu lingestahimili. Asubuhi watu wawili huiendesha. Msimu ukifika, ile yenye urefu wa mita sita hadi saba hubeba vitu vya dago. Kwa familia yenye fedha za chombo kimoja, rai yangu ni hiyo. Ila si kila ngalawa, wala si kwa idadi yoyote ya watu.

Wanunuzi wengi hukipima chombo kwa safari ya kwenda, na mimi naona kipimo sahihi ni safari ya kurudi. Kwenye pwani yetu mkondo mkuu wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi huuzidishia nguvu. Mtu wa Tanga anayeelekea Moa au Vanga wakati wa kusi huruka kama ndege, tanga limejaa, mkondo unamsukuma, akafika akisifu chombo chake. Siku ya tano anageuza omo kusini: upepo usoni, mkondo usoni, nyavu zimelowa, watu wamechoka. Hapo lazima apige bisho, aende upande huu kisha upande huu, na ngalawa isiyo na mkuku huteleza ikisukumwa pembeni, kila hatua mbili za mbele moja ikipotea ubavuni. Wakati wa kaskazi upepo hupingana na mkondo, na mawimbi husimama wima, mafupi na makali. Chombo kifupi mno hudunda hapo kama kisoda. Urefu husaidia kukata maji na kushika njia iliyonyooka; ufupi husaidia kugeuka baina ya miamba. Atakaye yote mawili atapata nusu ya kila moja, na nusu ya urefu ndiyo isipunguzwe.

Kisha mzigo. Tuhesabu pamoja. Watu wanne wa kilo 65 kila mmoja ni kilo 260. Maji ya kunywa na kupikia, lita nne kwa mtu kwa siku, kwa siku tano, ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20 na kilo 80. Unga, mchele, sufuria na kuni tuweke kilo 40. Nyavu, nanga, tanga la akiba na makafi kilo 60. Jumla ni kilo 440 kabla ya samaki hata mmoja. Wakati wa kurudi madumu ni matupu na unga umeliwa, lakini pana samaki kilo mia, na nyavu na kamba zimenyonya maji. Mzigo ni ule ule au umezidi. Watu wakiwa watatu, hesabu ya kwenda hushuka hadi kilo 345 hivi, na tofauti hiyo ndiyo ukavu wa ubao. Kwa hiyo kabla ya kuuliza urefu wa ngalawa, familia iulizane nani atabaki nyumbani. Ni swali gumu, hasa ndugu wakiwa wanne. Lakini nchi hii imekwisha kuona kupakia kupita kiasi kunavyofanya: waliokufa katika MV Spice Islander, Septemba 2011, walikuwa katika meli ya chuma, sembuse gogo la mwembe.

Juu ya maji, faraja ipo. Mtume (SAW) aliulizwa na mtu mpanda bahari, ambaye alichukua maji machache na kuhofia kiu kama angetawadhia, naye akamfahamisha kwamba maji ya bahari ni tohara. Hadithi hiyo ni mashuhuri, na ajabu ni kwamba bado wapo wanaotumia dumu la kunywa kwa udhu ilhali wameketi juu ya bahari nzima. Swala chomboni husaliwa kwa kukaa ikiwa kusimama kunahofiwa kumtupa mtu majini. Ama kupunguza swala, hilo lina masafa yake, marhala mbili. Kisiwa kinachoonekana kutoka barazani kwenu hakikufanyi msafiri. Na kabla ya kufunga safari iulizwe hali ya kisiwa chenyewe, kwani baadhi ni hifadhi, kama Maziwe karibu na Pangani.

Ukienda kuitazama ngalawa inayouzwa, usianze na rangi. Rangi mpya juu ya chombo cha zamani mara nyingi ni kilemba cha kufichia upara. Ichomwe kwa ncha ya kisu chini, tezini, na mahali mlingoti unaposimama. Kisu kikizama kama katika muhogo uliochemshwa, ondoka. Mwembe ni mti mwepesi na wa bei nafuu, lakini haudumu kama mvule, na kinachouoza zaidi ni maji ya mvua yaliyotuama ndani kuliko chumvi. Ulizia kama ilikuwa ikiezekwa makuti ipumzikapo. Angalia kama chini imechomwa moto na kupakwa deheni au sifa kuzuia wadudu watobozi. Kamba za matengo zibadilishwe zote hata kama zinaonekana nzima, maana zikikatika nje ya mwamba mmerudi kuwa mtumbwi wenye tanga kubwa.

Liko pia jambo ambalo watu huona haya kulizungumza, nalo ni umiliki. Chombo hakipasuliwi kwa msumeno mirathi ikifika. Ndugu wakichanga, iandikwe nani katoa kiasi gani, na kama ni sadaka au zaka ya msikiti, iandikwe amepewa nani hasa, mbele ya mashahidi, kama Qur'ani ilivyoamrisha kuandikiana madeni. Fungu la chombo likusanywe mahali pamoja kwa ajili ya tanga na kamba za mwakani. Leseni za chombo na za mvuvi zikatwe kwa jina la mwenye mali. Bei ya jaketi okozi za watu wote iingizwe katika bei ya chombo tangu siku ya kwanza, si kuahidiwa baada ya mavuno.

Linabaki jaribio moja kabla ya kulipa, na halihitaji fundi. Wenzetu wanaopiga makafi katika maziwa ya Kanada, ambao nao hutafuta mtumbwi mmoja wa matembezi ya siku na wa safari za porini, hupima uwezo wa chombo kwa kuangalia kama ubavu umebaki inchi 6 juu ya maji. Maziwa yao si bahari yetu. Mimi nisingeridhika chini ya shubiri nzima. Ngalawa itiwe majini, watu watatu wapande, na magunia ya mchanga yaongezwe hadi kilo za safari ya kurudi zitimie. Mtu asimame pembeni aweke kiganja baina ya maji na ukingo, katikati ya chombo, mahali palipo chini zaidi. Kisha waipige bisho mara mbili mbele ya ufuo, waone inapotea kiasi gani. Muuzaji akilikataa jaribio hilo, fedha zirudi mfukoni, na msimu huu kijana aendelee na mtumbwi wake ndani ya mwamba.