Nani anasimulia habari zetu jukwaani? Mafunzo kutoka kwa Wayahudi



Katika kambi na mitaa tunamofanya kazi, mchezo wa kuigiza ni chombo cha amani. Watu wanaokataa kukaa pamoja mkutanoni hukubali kukaa pamoja kutazama mchezo. Lakini chombo hichohicho kinaweza kuleta matata. Mwigizaji akiiga matamshi ya kabila fulani, au mwizi wa mchezo akiwa kila mara mtu wa upande ule, wengi hucheka, na wanaochekwa hurudi nyumbani na kidonda. Kwa sababu hiyo makala hii inaeleza habari za Wayahudi, watu ambao wamepitia jambo hili kwa zaidi ya miaka mia nne, na ambao wanajua pia maana ya kufukuzwa makwao.

Kusimuliwa na wengine

Mwaka 1290 mfalme wa Uingereza aliwafukuza Wayahudi nchini mwake. Ilikuwa mwaka 1656 ndipo walipoanza tena kuishi humo waziwazi. Katikati ya muda huo, karibu mwaka 1596, Shakespeare aliandika mchezo wenye Myahudi aitwaye Shylock, mkopeshaji fedha anayedai alipwe kwa nyama ya mwili wa mdeni wake. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaufahamu, kwani Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri ukachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi.

Tuangalie vizuri jambo hili. Wengi wa watazamaji wa London hawakuwahi kuwa na jirani Myahudi. Walichojua ni uvumi na masimulizi ya zamani. Ni kweli kwamba Shakespeare alimpa Shylock nafasi ya kusema kwamba Myahudi naye ni mtu, anaumia kama wengine. Lakini mwishoni Shylock ananyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini. Kwa miaka mingi waigizaji walimfanya kichekesho au mtu wa kutisha. Mwaka 1943, chini ya utawala wa Wanazi, mchezo huo ulionyeshwa mjini Vienna ili kuchochea chuki, wakati Wayahudi wengi wa mji huo walikuwa wamekwisha kupelekwa kuuawa au wamekimbia.

Mchezo peke yake hauui mtu. Lakini picha moja ikirudiwa vizazi na vizazi, watu huizoea, na siku ya ubaya hakuna anayeshangaa.

Kujenga jukwaa lao

Mwaka 1876, katika mji wa Iași nchini Romania, mwandishi Abraham Goldfaden alianzisha kikundi cha maigizo kwa Kiyidishi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki. Katika michezo hiyo Myahudi hakuwa tena mkopeshaji tu. Alikuwa bibi arusi, mjinga, mwerevu, mama mwenye uchungu, kijana mvivu, yaani mtu kamili. Mwaka 1883 serikali ya Urusi ilipiga marufuku michezo ya Kiyidishi. Waigizaji wengi walikimbilia London na New York, wakaendelea huko mbele ya wakimbizi wenzao.

Mmoja wao, Jacob Adler, aliigiza Shylock mjini New York mwaka 1903 katika jumba kubwa la maigizo. Yeye alisema kwa Kiyidishi, wenzake wote walijibu kwa Kiingereza. Shylock wake alikuwa mtu wa heshima aliyedhulumiwa. Maneno ya mchezo yalikuwa yaleyale, ila safari hii aliyeyatamka aliyajua maisha hayo kutoka ndani.

Jukwaa linaweza kuwa kifungo

Mwaka 1933 Wanazi walipochukua utawala Ujerumani, waigizaji na wanamuziki Wayahudi walifukuzwa kazini. Wakaruhusiwa kuunda chama chao cha utamaduni, lakini kwa masharti: waigizaji Wayahudi tu, watazamaji Wayahudi tu, na kila mchezo ukaguliwe na serikali. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa Nathan der Weise wa mwandishi Mjerumani Lessing, unaohimiza Wayahudi, Wakristo na Waislamu wavumiliane. Baadaye walikatazwa kidogo kidogo kuigiza kazi za waandishi wa Kijerumani. Mwaka 1941 chama kikafungwa.

Katika kambi ya Terezín, watoto Wayahudi waliokuwa wafungwa waliimba mchezo uitwao Brundibár mara 55, kuanzia mwaka 1943. Uliwapa nguvu ya kuishi. Lakini mwaka 1944 Wanazi waliutumia kuwadanganya wajumbe wa Msalaba Mwekundu kwamba kambini mambo ni mema. Baadaye wengi wa watoto hao, pamoja na mtunzi wa muziki wake, Hans Krása, waliuawa Auschwitz. Kwa hiyo kuonyeshwa mbele ya wageni si sawa na kuheshimiwa.

Kurudi katika jukwaa la wote

Mwaka 1964 mchezo Fiddler on the Roof ulianza New York. Ulitungwa na Wayahudi kutokana na hadithi za Sholem Aleichem, juu ya baba maskini, binti zake, na kijiji kinachofukuzwa chote. Mwaka 1967 uliigizwa hata Japani. Watu wasiomjua Myahudi yeyote waliwaona wazazi wao wenyewe humo.

Hata hivyo kazi haijaisha. Mwaka 2021 jumba la Royal Court mjini London liliandaa mchezo juu ya tajiri mkubwa anayetafuta madini ya lithiamu huko Bolivia. Tajiri huyo mwenye tamaa alipewa jina la Kiyahudi. Mwongozaji mmoja Myahudi alikuwa ametoa onyo mapema, lakini neno lake halikufikishwa kwa mwandishi. Baada ya malalamiko jina lilibadilishwa na jumba likaomba radhi. Mwaka uliofuata jumba hilohilo lilionyesha mchezo uliotokana na mahojiano na Wayahudi 12, kwa maneno yao wenyewe.

Wayahudi wenyewe wanabishana: je, Myahudi aigizwe na Myahudi tu? Baadhi husema ndiyo. Wengine husema kuigiza ni kuvaa maisha ya mwingine, muhimu ni wenye habari wawepo wakati wa kuandika na kuandaa. Mabishano hayo ni ya afya, maana yanafanyika mezani.

Tunajifunza nini?

Kwa viongozi wa kambi, wazee wa mitaa na vikundi vya vijana, tunapendekeza haya:

1. Kabla ya kuigiza watu wa upande mwingine, waiteni waje kusikiliza mazoezi.
2. Mwenzenu akisema "hapa mnatuumiza," msingoje siku ya maonyesho. Badilisheni mapema.
3. Kila jamii ionekane na wema wake na makosa yake. Asiwepo mtu wa kabila moja anayebeba ubaya wote.
4. Wageni wakija, waliokimbia makwao wasiwe mapambo. Waulizwe wanataka kusema nini.

Maswali ya kujadili katika vikundi

Katika michezo tunayoijua, ni nani huchekwa kila mara? Nani aliiandika? Ikiwa jirani zetu wangetunga mchezo juu yetu bila kutuuliza, wangetuonyesha vipi? Na sisi tungependa waone nini?