Taaluma ya kuchunguza jicho na akili ya dereva

UKISIMAMA Mosocho kando ya barabara kuu ya Kisii kuelekea Kisumu, utakutana na swali ambalo baadhi ya wanasaikolojia wamelifanya kazi ya maisha: kwa nini dereva aitazame bodaboda inayokuja, kisha aingie barabarani papo hapo?

Tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba jicho hukadiria kuwa chombo kidogo kitachelewa kufika kuliko lori, hata vikiwa na mwendo sawa na umbali sawa. Huenda dereva huyo hakupuuza. Amehadaiwa na ubongo wake. Nayo matatu iendayo kilomita 80 kwa saa, kikomo kilichosisitizwa na kanuni za Michuki mwaka 2004, hupita mita 33 hivi katika sekunde moja na nusu, muda ambao dereva aweza kuuhitaji kabla ya kukanyaga breki.

Mtafiti wa mambo haya huanza na shahada ya saikolojia, uhandisi au takwimu, kisha uzamili na uzamifu. Wengi hutumia mitambo ya kuigiza uendeshaji na kamera za kufuata macho, vifaa ghali mno.

Lakini si lazima. Mwaka 2008, James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walitumia vibandiko tu katika matatu za Kenya, vikiwahimiza abiria kumkemea dereva mzembe. Madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2015, kwa robo hadi theluthi.

Vibandiko hivyo viliwalenga abiria wa matatu. Bodaboda haina abiria wa kumkemea dereva wa lori linaloikaribia.