Mume Wangu Si Mlevi, ni Mgonjwa

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Mumewe ana miaka 52. Alikuwa mtu wa heshima, mweka hazina wa kikundi, na hakuna shilingi iliyowahi kupotea mikononi mwake. Halafu akaanza kubadilika. Aliuza mbuzi kwa bei ya kuku na wala hakujali. Mama yake mzazi alipofariki, yeye alikaa matangani akila tu, bila chozi. Dukani anachukua biskuti na kuondoka bila kulipa. Mke akimuuliza, anatukanwa.

Watu wakasema ana mwanamke mwingine. Wengine wakasema ni chang'aa, wengine amelogwa. Mke naye akafikiria kufunga mizigo arudi kwao. Hakuna aliyesema: huenda huyu mzee ni mgonjwa.

Ni ugonjwa gani huu?

Huitwa dimenshia ya ubongo wa mbele. Wengi wetu tunajua dimenshia kuwa ni ya wakongwe wanaosahau. Hii ni tofauti. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, mtu akiwa bado analipa karo. Ubongo ulio nyuma ya paji la uso, na ule wa pembeni karibu na masikio, hunyauka polepole. Sehemu ya mbele ndiyo breki yetu. Ndiyo hutuzuia kusema kila neno linalokuja mdomoni, na ndiyo hutupa huruma. Breki zikikatika, gari huteremka tu, hata kama dereva ni mtu mzuri.

Basi usishangae mgonjwa akikumbuka vizuri mambo ya jana na huku tabia imeharibika. Angalia dalili hizi:
- Hana haya wala huruma kama zamani.
- Anatumia pesa ovyo.
- Anapenda sana vitu vitamu, na anakula bila kipimo.
- Anarudia jambo moja tena na tena.
- Anakaa tu, hataki kazi wala kuoga.
- Yeye mwenyewe haoni kwamba amebadilika.

Wengine hupotewa na maneno kwanza. Bruce Willis, mwigizaji maarufu wa Marekani, aliacha kazi mwaka 1922 + 100, yaani 2022, kwa sababu ya shida ya kuzungumza. Mwaka 2023 familia yake ikatangaza kwamba ana ugonjwa huu. Kwa hivyo usifikiri ni aibu ya nyumba yako peke yako.

Hospitalini

Anzia zahanati, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Daktari atataka kwanza kujua kama ni kitu kingine kinachotibika: kaswende, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, pombe au huzuni kubwa. Beba daftari uliloandika nini kilibadilika na lini, kwa maana mbele ya daktari mgonjwa anaweza kuongea vizuri sana, wewe ukaonekana mwongo.

Tuseme ukweli: dawa ya kuuponya haijapatikana. Dawa za ugonjwa wa Alzheimer hazisaidii hapa, na pengine huongeza fujo. Daktari anaweza kutoa dawa ya kupunguza tabia fulani. Kazi kubwa inabaki nyumbani.

Nyumbani

Usibishane naye, kwa maana hutashinda. Mpe kazi moja rahisi, kama kuteka maji, saa ile ile kila siku. Ficha panga, dawa na sukari. Asiendeshe gari wala pikipiki. Zungumza na mwenye duka: akichukua kitu, aandike, wewe utalipa Jumamosi. Hiyo ni bora kuliko kupigwa kama mwizi. Ugonjwa ukizidi, mpe chakula laini kidogo kidogo, kwa sababu kumeza huwa shida.

Linda mali mapema. Simu yenye pesa na namba ya siri ishikwe na mtu wa kuaminika katika familia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa ya mke mmoja haiuzwi bila wote wawili kukubali. Ukiona wanunuzi wanazunguka shamba, nenda upesi ofisi ya ardhi uulize juu ya kuweka kizuizi kwenye hati.

Na wewe unayemtunza?

Huzuni yako ni ya kweli. Mwenzako yuko hai, unampikia, lakini yule uliyeolewa naye haonekani tena. Hata ukikasirika, wewe si mke mbaya. Na wanaume ambao wake zao wanaugua wanaumia hivyo hivyo. Usifiche. Mwenye kuficha maradhi, kifo humuumbua.

Kikundi kifanye nini?

Msimtoe mama huyu kwa sababu amekosa mikutano. Pangeni zamu: mmoja akae na mgonjwa Jumanne ili mama aende sokoni au alale tu. Mgonjwa kama ni mweka hazina, pokeeni vitabu kwa upole, bila kumwita mwizi. Na mkisikia watu wakimcheka njiani, semeni wazi: huyu ni mgonjwa.

Maswali ya kujadiliana
1. Je, kijijini kwetu kuna mtu tuliyemwita mlevi au mwendawazimu kumbe huenda anaugua?
2. Nani anamsaidia mke au mume wake?
3. Wiki hii tutaanza na zamu ya nani?